Manang Nenita na Nne Isiyo Nzima

Baada ya miaka thelathini na minne ya kuhesabu na kupima, Bi. Nenita Geroche anastaafu tarehe 30 Juni kutoka kituo chetu cha vifaranga vya samaki aina ya mwatiko hapa Guimbal. Humu kazini yeye ni Manang tu, dada mkubwa, hata kwa waliomzidi umri.

Alianza kwenye mabeseni meupe, akichota vifaranga kwa kombe na kuimba hesabu kama wahesabuji wote wa pwani hii. Sauti yake, jamani! Ilibidi aombwe aimbe taratibu, maana majirani walikuwa wakifuata hesabu yake na kusahau yao. Baadaye alihamishiwa kwenye matangi, kupima joto, chumvi na hewa iliyomo majini.

Huko ndiko alikotufunza kwamba zipo namba za kuhesabu na namba za kupima, na ukizichanganya umekwisha. Vifaranga huhesabiwa: yupo mmoja, yupo wa pili, katikati hakuna mtu. Mwenzetu mmoja aliposema ameona vifaranga kumi na nusu kwenye kombe, Manang alimuuliza, “Hiyo nusu umeipata kichwa au mkia?” Lakini maji hayarukiruki. Hewa yake ikishuka kutoka nne hadi tatu, hupita kila mahali palipo katikati, hata pasipo na jina.

Tuliokulia kwenye mabeseni hatukumwelewa. Kwa mhesabuji, kinachoonekana ni kizima.

Kisha kikaja kimbunga, mabwawa ya kijiji yakasombwa, na likabaki tangi moja tu la vifaranga vya kuanzia upya. Wale wakifa, ndugu zangu, kijiji hakina msimu. Asubuhi moja Fermin Gumban, wakati huo mgeni kwenye matangi, alichungulia kipimo na kutangaza, “Hewa ni nne, Manang. Tuko salama.” Chini ya nne, vifaranga hukosa pumzi.

Manang aliwaona wanapanda juu kuhema. “Nne gani?”

“Manang naye! Nne si nne tu?”

“Nne ya kuhesabu ni moja. Ya kupima ina wadogo zake. Hebu isome yote!”

Ilikuwa tatu nukta sita. Fermin, kwa mazoea ya beseni, alikuwa ameijazia ikawa nzima. Manang alikimbilia mashine ya hewa, kandambili zikabaki njiani, huku akimfokea kila aliyesimama kushangaa. Kufikia adhuhuri vifaranga walikuwa wametulia, na wiki hiyohiyo wakapelekwa mabwawani.

Ni mkali, tusidanganyane. Ukizembea atakusema mpaka utamani ardhi ipasuke, kisha atakuwekea sahani ya ibos, ule wali wa kunata uliofungwa kwa majani, na kukuuliza mbona umekonda. Tunampenda hivyohivyo.

Hotuba ya leo ilikuwa itolewe na Fermin, ambaye sasa ndiye mkuu wetu. Ameniomba niitoe mimi. Kila akifika kwenye habari ya lile tangi machozi yanamtoka, kwa kuwa bwawa la kwanza kupokea vifaranga wale lilikuwa la baba yake.

Asante sana, Manang. Nenda kapumzike, uwadekeze wajukuu, na Mungu akupe afya tele. Mwatiko wanaochomwa hapo nje ni zawadi yako kutoka kwa mzee Gumban. Amewaleta mwenyewe, na tulipomuuliza ni wangapi, alikataa katakata kuwahesabu.