Gunia la Makala Lisiingie Kwenye Kilio cha Gélase

Padri wetu, wazee, majirani wa Kamenge, nanyi wafanyakazi wenzake Gélase mlioshuka kutoka Kiriri na kutoka Kigobe kuja kukaa nasi kwenye mikeka, mimi naitwa Concilie, ni dada yake mkubwa, na wengi mnanijua kwa sababu nimewauzia makala, mkaa kama wanavyosema wenzetu wa Tanzania, tangu kabla ya vita hivi. Historia ya marehemu husomwa na mwanaume wa ukoo, lakini wanaume wa ukoo wetu wamekwisha, kwa hiyo nasoma mimi, tarehe zimepangwa na Irène, binti yake, na pale nitakapoacha karatasi nikasema yangu mnivumilie, sauti yangu ni ya sokoni na sina nyingine.

Najua moshi unawawasha macho. Ni moshi wa turbe, ule udongo mweusi wa mabondeni unaokatwa vipande, ukaanikwa juani na kuchomwa badala ya makala, nao tangu jana mchana unapika maharage mtakayokula tukitoka makaburini, na nilipoyaonja asubuhi hii yalikuwa bado magumu. Kwetu jirani akifiwa unampelekea gunia la makala, ndiyo desturi, na magunia yalifika hapa mlangoni, na mimi mwenyewe niliyarudisha, Léonce wa ng'ambo ya barabara alilibeba la kwake mgongoni akarudi nalo, na hajanisalimia mpaka leo. Léonce, kaka yangu, haikuwa dharau. Marehemu aliomba jambo moja tu kabla ya kukata roho, kwamba gunia la makala lisiingie kwenye kilio chake, na katika historia hii mtasikia kwa nini, kisha mtaamua wenyewe kama alikuwa na akili timamu, maana mi bado sijaamua.

Gélase Ntirandekura alizaliwa tarehe 21 Novemba 1950, kwenye kilima cha Nyamirembe, mkoa wa Kayanza, pembeni kabisa mwa msitu wa Kibira, mahali ambapo ukungu unaingia nyumbani bila kupiga hodi, akiwa mtoto wa pili baada yangu, na mimi ndiye niliyembeba mgongoni mama alipokuwa shambani. Alisoma shule ya msingi ya misheni kuanzia mwaka 1957 hadi 1963, akashuka Bujumbura kwa sekondari, na mwaka 1971 mapadri wakamtafutia nafasi ya kusomea umeme kule Lubumbashi. Mwaka uliofuata baba yetu alichukuliwa na hakurudi, wazee mlioko hapa mnaujua mwaka 1972, sina haja ya kuusoma. Gélase alibaki Lubumbashi kwa sababu mama alimtumia ujumbe kwamba asithubutu kurudi, akamaliza masomo mwaka 1976, na aliporudi hatimaye alikuwa na ndevu, na Kiswahili cha Katanga kilichotuchekesha sana.

Tarehe 2 Novemba 1977 aliajiriwa kama angenyeri, mhandisi wa umeme, katika ofisi moja ya serikali inayoshughulika na nishati, na huko alifanya kazi hadi mwaka huu. Walipojenga bwawa la umeme kule juu msituni, karibu na kwetu, yeye alikuwa miongoni mwa waliopima njia ya nguzo, alitembea ile milima yote kwa miguu, na umeme ulipofika hapa Kamenge alimleta mama kutoka kilimani, akamkalisha chini ya balbu, akamweleza kwamba taa ile ni mvua ya kwao, kwamba msitu unaishika mvua na kuiachia polepole, nayo inajaza ziwa, na ziwa linazungusha mashine. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama taa hiyo inaweza kupika maharage. Kwa wenye pesa iliweza, kwa sisi wengine apana, tuliendelea na makala, na hapo ndipo ilipokuwa shida yake yote, kwamba nchi ilijenga umeme na watu wake wakabaki wanapika na msitu uleule unaouleta.

Tarehe 8 Agosti 1981 alifunga ndoa takatifu na Odette, mwalimu wa shule ya msingi, mzaliwa wa Uvira, mwanamke aliyecheka hata kanisani, na Mungu akawajalia watoto wawili, Irène aliyezaliwa tarehe 3 Mei 1983 na Patrick aliyezaliwa tarehe 19 Januari 1986. Waliishi kwenye kiwanja hiki hiki. Wakati huo nilimtania kwamba amesoma miaka yote hiyo ili aje kuishi jirani na dada yake muuza makala, naye akanijibu kwamba mtu wa nishati anatakiwa akae karibu na nishati.

Oktoba 1993 mnaijua. Karitiye yetu, mtaa huu, ilianza kufa nyumba moja moja, na Juni 1995 watu wote wa Kamenge walitolewa, tukakimbia na tulichokuwa tumevaa. Odette alifariki njiani tarehe 7 Juni 1995, risasi ilimkuta akiwa amemshika Patrick mkono, na tulimzika mahali ambapo mpaka leo hatuwezi kupaonyesha vizuri. Bwana Aloys, ambaye alikuwa mkuu wa Gélase kazini, na yuko hapa, alimpokea yeye na watoto katika garaji ya nyumba yake Kigobe, na huko waliishi karibu miaka mitatu, sisi wengine tukatawanyika.

Mwaka 1996 nguzo alizozipimia njia ziliangushwa, mji ukawa giza, na mwisho wa Julai vikafuata vikwazo vya nchi jirani, ile embargo, mazutu, yaani dizeli, hakuna, viwanda vimesimama, na watu waliokimbia vilima wamejaa mjini, wote wanataka kupika. Ofisi ikamwuliza Gélase nchi ifanye nini. Alituambia baadaye kwamba walikuwa na njia tatu na zote mbaya, mazutu ambayo haikuwepo, turbe ambayo mabonde yake hayakufikika kwa vita, na ambayo moshi wake na kukausha mabonde ni hasara kwa mkataba wa dunia wa tabianchi ambao nchi ilikuwa inajiandaa kuuridhia, na ya tatu ni msitu. Akapendekeza wakate kipande kimoja tu cha Kibira, upande wa juu ya ziwa kwa sababu huko ndiko barabara ilikuwa bado na askari, wakate kwa misimu miwili ya kiangazi, makala yashuke mjini, na mvua ikianza wapande miche, kitalu alikwisha kukianzisha. Hakulazimishwa na mtu, aliandika yeye mwenyewe, na alisema watu wanakula leo, hawali mwaka kesho.

Makala hayo niliyauza mimi. Niliyauza sokoni mchana kweupe, yakanilisha, yakalisha watoto wangu, yakamlipia Patrick shule, na nyinyi mlioyanunua yaliwapikia, kwa hiyo asitokee mtu leo wa kunikunjia uso, njaa ya mwaka 1996 haikuwa hadithi.

Lakini mpango ulikuwa na miguu miwili na mmoja ulikatika. Kukata kulifanyika, kupanda hakukufanyika. Vita vilipanda kule juu, miche ikazeeka kitaluni, wafanyabiashara wenye watu wa kuwalinda wakavuka mpaka aliouweka, wakaendelea kukata hata baada ya misimu miwili, na mlima uliokuwa juu ya ziwa ukabaki na mashina. Mvua za mwaka 1998 zikaushusha udongo wote ziwani. Kisha mbingu ikafunga, mwaka jana na mwaka huu, ziwa likapungua, Gélase akasema ukilitazama ni kama sufuria iliyobakiza ukoko, mashine zikawa zinazimwa kwa zamu, na giza likarudi wakati huu bila mtu kuangusha nguzo. Kiwanda walichokuwa wanafanyia kazi nusu ya mtaa huu kikawarudisha watu nyumbani. Patrick alikuwa amepata kibarua pale, akakikosa, Machi mwaka huu akaondoka na vijana wenzake, wengine wanasema porini, wengine wanasema Uvira, na mahali pake hapa mbele ya jeneza la baba yake pako wazi. Patrick, kama uko mahali na utasikia, rudi nyumbani, hatutakuuliza kitu.

Mwezi Mei kilifanyika kikao kikubwa huko Kigobe, wageni walikuja kutoka nje kwa sababu nchi ilikuwa inaandaa taarifa yake ya tabianchi, na kulikuwa na ahadi ya msaada wa kusafisha bwawa na kuleta mashine mpya, msaada uliotegemea kuonekana kwamba ziwa limekauka kwa ajili ya ukame, na ukame umeletwa na moshi wa nchi tajiri. Ukame ulikuwepo, hilo Gélase hakulikana, na moshi wa matajiri alikuwa ameusoma kuliko wengi mle ndani. Ila zamu yake ilipofika alisimama na kusema kwamba mbingu ina sehemu yake, na shoka lina sehemu yake, kwamba udongo uliomo ziwani ulishuka kwenye mlima uliokatwa kwa ruhusa, na kwamba aliyeipendekeza ruhusa hiyo ni yeye, akaomba kwamba mashine zisiletwe kabla mlima haujapandwa, maana zitakufa na tope. Wanasema msema kweli ni mpenzi wa Mungu, lakini Mungu hakuwa na kiti kwenye kile kikao, wakubwa ndio walikuwa na viti. Msaada ulisita. Wiki hiyo hiyo Gélase aliondolewa kwenye kazi yake, akapewa kiti kwenye korido bila meza, na hapa mtaani watu waliokuwa wanasubiri umeme ili kiwanda kifunguliwe walimpita bila salamu. Mimi pia nilimwambia wazi kwamba angeweza kunyamaza, mashine zije, mlima upandwe baadaye. Alinijibu kwamba hilo ndilo alilolisema mwaka 1996.

Tangu turudi hapa Kamenge mwaka 1998 alikuwa amekataa makala nyumbani kwake, akawa anapika na turbe, na si kwamba aliipenda, aliichoma kama mtu anayekunywa dawa chungu, alisema ina dhambi yake lakini haikai juu ya ziwa. Kila Jumapili nilikuja kumcheka, nikimwambia turbe haiivishi maharage, inayasumbua tu, naye akiniambia shida si turbe, shida ni haraka yangu. Baada ya kile kikao akaanza kupanda kule juu kila Jumamosi na msafara wa magari unaolindwa na askari, amebeba miche kwenye masanduku ya bia, anaimwagilia na kuiacha kwa watu wa kilimani kwetu ili waipande mvua ikishuka. Nilimwambia mutu mmoja hapandi mlima. Alijua, ila alikwenda.

Tarehe 26 Agosti 2000, siku ya Jumamosi, msafara ulishambuliwa barabarani, watu walikufa, Gélase alipigwa risasi pajani na alilala kando ya lami mpaka alasiri. Masanduku yalianguka, miche ikamwagika, na magari yaliyokuwa yanakimbia yaliikanyaga, hayo ametusimulia dereva. Hospitalini waligundua kwamba alikuwa na ugonjwa wa sukari bila kujua, kidonda kikakataa kupona, tarehe 22 Septemba wakamkata mguu, akapata nafuu kidogo, kisha sumu ikaingia kwenye damu. Nilikuwa nampelekea chakula kila siku, na kila siku aliuliza jambo moja, kama mvua imeanza kule juu, na mimi nilijibu apana, kwa sababu ilikuwa haijaanza. Alifariki asubuhi ya tarehe 17 Oktoba 2000, siku ya Jumanne, akiwa na umri wa miaka arobaini na tisa, mkono wake ukiwa katika mkono wa Irène. Mvua ilianza jana, mmeiona, na ile miche michache iliyofika kilimani, watu wamekimbia na mbuzi wameila. Nimeumia na nimekasirika, na sitaki mtu aniambie kwamba ni mapenzi ya Mungu.

Ameacha watoto wawili, dada mmoja, na bwawa lenye tope. Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia wakati dawa zenyewe hazipatikani, inawashukuru majirani mliolala nasi nje kwenye baridi, mkarudishiwa magunia yenu na bado mkabaki, Léonce pia, maana nimemwona yuko pale nyuma. Inawashukuru wafanyakazi wenzake. Bwana Aloys, kwa garaji yako tunakushukuru mpaka kufa, watoto hawa wangekufa barabarani, na kwa ile korido sikushukuru, nawe hukutegemea nikushukuru. Inamshukuru Pascaline, jirani yetu, ambaye tangu jana amekaa na ile sufuria, anapuliza, anakohoa, anaongeza maji.

Pascaline ametoka jikoni sasa hivi na ameniitikia kwa kichwa, ndivyo tulivyokubaliana. Gélase, mtoto wa mama, hakuna gunia lililoingia, mlango niliulinda mimi, na sijui kama ulikuwa na haki kwa mengine yote. Pumzika kwa amani, ndugu yangu, maharage yameiva.