Mama Wilhelmina Ndunguru, Mkunga wa Mbwera Aliyepanda Meli Kupumzika

Marehemu Wilhelmina Komba Ndunguru alizaliwa tarehe 14 Agosti 1957 katika kijiji cha Maguu, Mbinga, milimani ambako maji makubwa kuliko yote aliyoyajua yalikuwa ya kijito cha kuoshea kahawa.

Alisoma shule ya msingi kijijini, kisha akajiunga na mafunzo ya uuguzi na ukunga Peramiho, akahitimu mwaka 1979.

Mwaka 1981 aliajiriwa serikalini na kupangiwa Mbwera, katika delta ya Rufiji. Alifika hajui kuogelea, na aliondoka hajui kuogelea. Kati ya hapo aliishi ndani ya boti. Mama akishindwa kujifungua, Wilhelmina alimpakia kumpeleka hospitali, akashika chupa ya maji ya dripu kwa mkono mmoja na kopo la kuchotea maji yaliyoingia botini kwa mkono wa pili. Maji yakitoka, boti ilikwama kwenye tope la mikoko, na watoto wengi wa delta walizaliwa humo humo, wakisubiri maji yajae. Aliyemsaidia miaka yote hiyo ni mkunga wa jadi wa Mbwera, Bi Mwanajuma, ambaye leo amekaa nasi hapa mbele. Wilhelmina alistaafu mwaka 2017, akahamia Mchukwi na kulima korosho na mpunga.

Tarehe 8 Oktoba 1983 alifunga ndoa takatifu na Mwalimu Hilari Ndunguru. Walipokaribia kutimiza miaka arobaini ya ndoa, watoto waliwauliza wanataka zawadi gani. Wazazi walitaka kupanda meli ya kitalii, ile inayotoka Durban kwenda visiwa vya Msumbiji na kurudi, ambamo msafiri hana kazi yoyote ila kula, kulala na kutazama. Mwalimu mwenyewe ndiye aliyechagua chumba chenye dirisha. Tarehe 19 Septemba 2023 alifariki ghafla kwa shinikizo la damu.

Kwa desturi ya ukoo, mjane hukaa na nguo nyeusi mwaka mzima, na anayemvua ni ndugu wa mume. Safari ilikuwa Januari. Mzee Michael, mdogo wake Mwalimu, alipiga simu kutoka Mbinga.

"Shemeji, utapandaje meli ya starehe na msiba mwilini? Watu watasema nini?"

"Watasema nimekwenda, shemeji. Na nitakuwa nimekwenda kweli."

Alikwenda na nyeusi yake. Nafasi ya mumewe alimpa Bi Mwanajuma.

Kabla meli haijang'oa nanga, king'ora kililia na abiria wote wakaitwa kwa mazoezi ya usalama. Wilhelmina alinyakua mkoba wake, akakimbia ngazini akiuliza, "Mgonjwa yuko wapi?" Alipoelezwa kwamba hakuna mgonjwa, alikaa chini akakosa la kufanya na mikono yake.

"Basi leo wagonjwa ni sisi, Mama Devotha," akasema Bi Mwanajuma. "Tulia uhudumiwe."

Asubuhi alitandika kitanda mwenyewe, mpaka mhudumu, dada wa Mombasa, akamsihi, "Mama, ukitandika wewe, mkubwa wangu ataona mimi sifanyi kazi." Siku iliyofuata aliachia. Alioga maji ya moto hadi vidole vikakunjamana. Alikula embe zilizokatwa na mtu mwingine. Walipooneshwa bwawa la kuogelea juu ya meli, Bi Mwanajuma alishika kiuno: "Bahari yote hii, bado wamechimba dimbwi!" Jioni ya mavazi rasmi karibu kila mwanamke aliingia ukumbini amevaa nyeusi. "Masikini," akanong'ona Bi Mwanajuma, "kumbe wote wamefiwa."

Picha iliyopigwa jioni hiyo ilimfikia Mzee Michael kwenye simu. Wilhelmina alikuwa ameshika aiskrimu, anacheka, mdomo wazi. Mzee alisema nguo hiyo hataivua yeye.

Misa ya mwaka ilisomwa Septemba 2024, na Mzee Michael hakuja. Wilhelmina aliendelea na nyeusi. Binti yake Devotha alimwambia aivue tu, akajibu, "Nikijivua mwenyewe, nitakuwa nimejitoa kwa kina Ndunguru. Sijajitoa." Alikwenda nayo shambani, kanisani na sokoni, ikapauka mabegani.

Februari 2025 aligundulika kuwa na saratani ya ini. Hakuwa mtu wa kudanganywa, akaomba kurudi nyumbani. Mwezi Aprili Mzee Michael alisafiri kutoka Mbinga, akaketi kando ya kitanda.

"Shemeji, huko melini mlikuwa mkifanya nini hasa?"

"Tulikuwa tunakaa."

"Mnakaa tu?"

"Tu. Unakaa, maji yanapita, na hakuna mtu anayekufa. Sikuwahi kuyaona maji hivyo."

"Na kaka?"

"Niliacha kiti chake dirishani. Kila asubuhi nilimweleza tulipofika."

Mzee Michael alitoka nje, akakaa muda. Aliporudi aliwaita wanafamilia, akasali, akamvua nguo nyeusi kwa mikono yake, na Devotha akamvika gauni la njano. Wilhelmina aliomba kioo. Alijitazama, akasema, "Mbona nimepauka kuliko ile nguo!" Shemeji yake alicheka, kisha akalia.

Alifariki nyumbani kwake Mchukwi, Jumanne tarehe 10 Juni 2025, saa nane mchana. Anazikwa leo kando ya mumewe, amevaa njano.

Ameacha watoto watatu, Devotha, Shedrack na Recho, wajukuu saba, shemeji yake Mzee Michael, rafiki yake Bi Mwanajuma, na watu wazima wa delta ambao mikono yake ndiyo iliyowapokea.

Bwana amkaribishe, ampe mahali pa kukaa, na apumzike kwa amani.