Matambara ya Siku ya Ufunguzi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mwenyekiti wa Kamati ya Kituo, mlezi wa kituo Mzee Elimringi, Baba Mchungaji, wafadhili wetu mliotoka ng'ambo, viongozi wa kata, ndugu wageni waalikwa, na nyinyi watoto mliokaa hapo chini juani: wakubwa shikamooni, wengine habari za mchana. Mkalimani namwomba asipunguze kitu.

Naitwa Kandida, nafundisha watoto ushonaji hapa kituoni Kisongo, na nimepewa kazi ya kutoa shukrani. Nimeambiwa niwe mfupi. Nitajitahidi, ingawa ya kushukuru ni mengi, na mengine yametokea leo leo asubuhi.

Kwanza namshukuru Mzee Elimringi. Nani asiyemjua? Tangu biashara iachiwe huru, hakuna mtu Arusha hii aliyeingiza mitumba mingi kumzidi, wala aliyewaonea watoto hawa huruma kumzidi. Jana jioni alipita kukagua maandalizi, akawakuta wamejipanga, wameoga, wamevaa sare mpya za bluu, mashati yana kola, sketi zina marinda. Mzee akasikitika sana. Akaniita pembeni.

"Mwalimu, mbona hawa wanafanana na watoto wa watu?"

"Mzee, ni watoto wa watu."

"Sawa, lakini wafadhili wakiwaona hivi, si watasema kazi imekwisha? Msaada utahamia kwingine. Wavae kitu kilichochakaa."

Mheshimiwa, hayo ndiyo maono ya uongozi. Sisi wengine, kwa ushamba wetu, tulidhani mtoto aliyekuwa akilala kwenye baraza za maduka ya Kaloleni akija hapa anatakiwa abadilike. Kumbe abadilike kwa kiasi, na siku ya wageni arudi alikotoka kwa saa chache, apigwe picha, kisha jioni aendelee kukua.

Taabu ikawa matambara yenyewe. Tafuta huku, tafuta kule, kituo kizima hakuna nguo iliyochanika, maana kila inayochanika tunaishona. Mzee hakukata tamaa. Leo alfajiri akatuletea belo zima la mitumba kutoka dukani kwake, bure, na tunashukuru. Ila nguo zenyewe zilikuwa nzuri mno. Ndipo akaagiza zichanwe, akauliza ni nani hapa mwenye mkono mzuri wa mkasi.

Mwenye mkono huo ni Silantoi. Naomba nimsifie kidogo, kwa kuwa kwenye ratiba yenu hayumo. Ana miaka kumi na sita. Alipoletwa kutoka Kaloleni alikuwa hasemi na mtu, na ugali alikuwa anauficha ndani ya blauzi, akihofia kesho hautakuwepo. Nikampa vitambaa akate, akate tu, mpaka siku moja akaniambia, "Mwalimu, hapa umepindisha." Nilifurahi nusura nilie. Sare zote za bluu amezikata yeye, kila mtoto kwa kipimo chake, na aliyekuwa na bega moja chini akamshonea shati lisilolionyesha.

Basi fundi huyo akakabidhiwa belo achane. Akachukua gauni moja, akaligeuza mbele na nyuma, akaniuliza, "Mwalimu, nichane wapi?" Miaka yote niliyofundisha, swali hilo sijawahi kuulizwa. Hakungoja jibu. Akauweka mkasi mezani, akamwendea Mzee, mikono nyuma. "Shikamoo babu. Mimi nguo sichani. Na sare yangu sivui."

Mzee ni mlezi, akamlea papo hapo. Alimwambia kwamba mtoto mwenye kiburi kiasi hicho amekwisha kukua, kituo hakimfai tena, afungashe aende kwao. Kwao wapi? Jamani, nauliza tu. Kituo cha watoto wasio na kwao kimemwambia mtoto aende kwao! Nguo zikachanwa na vijana wa dukani kwa Mzee, ndizo hizo mnazoziona, na kwa kweli vijana wamejitahidi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, sasa hivi utakata utepe wa bweni jipya walilotujengea wafadhili. Ni bweni zuri, nalisifu bila kejeli: magodoro mapya, vyandarua, madirisha yanayoutazama Meru. Lakini Silantoi yuko nje ya geti tangu asubuhi, na sare yake, na mfuko wake wa plastiki. Jua likizama atarudi kwenye baraza zile zile, na nyote mnajua, msijifanye hamjui, msichana wa umri ule akilala barazani kinachompata. Mimi naogopa. Hapo sitanii hata kidogo.

Mimi sina mamlaka ya kumfungulia. Nimeambiwa nikimfungulia, nimfuate. Wewe unayo. Kwa hiyo kabla hujafungua bweni, nakuomba ufungue geti. Na kama kamati inaona mtoto aliyekua hana nafasi hapa, mkalimani awaambie wafadhili hivyo hivyo, wajue ni kitu gani wamekijenga.

Shukrani zangu zimeishia hapo. Nawashukuru kwa kunivumilia mpaka mwisho. Kiti changu pale mbele nimemwachia Silantoi, na mimi nitasimama mpaka aje akikalie.