Vizibo vya Ombi Kubwa

Kijiwe cha nyuma ya ofisi ya utafiti kina benchi moja lililolegea mguu, birika la kahawa, na ubao wa drafti ambao kete zake ni vizibo vya soda. Siku hiyo mchezo ulisimama, maana Bi Bajeti alifika na lake rohoni. Yeye na mwenzake, Mpole, ndio huandaa maombi yote ya fedha za utafiti ya chuo: watafiti wanaleta wazo, wao wanalivisha bajeti, viambatisho na sahihi. Sasa limekuja ombi kubwa, la vyuo saba, na mchana huu bosi anaamua nani alibebe. Bi Bajeti alitaka limwangukie Mpole. Alichokosa ni hesabu ya kumfunga bosi mdomo.

— Bosi anagawa kwa idadi, akalalamika. Matano kwangu, matano kwake. Utadhani maombi ni mayai!

— Hata mayai hayalingani, akasema Nundu, muuza nyama. Chapisha kila ombi, lete buchani tupime kilo. Mizani yangu haina upendeleo.

— Mizani yako? akacheka Sindano, fundi cherehani. Ile isiyojua nyama wala mfupa? Bibie, hesabu maprofesa. Gauni la mtu mmoja nashona huku napiga mluzi. Sare za kwaya sasa! Kila mtu na kiuno chake, kila mtu na mdomo wake.

— Hapo umenena.

Bi Bajeti akavuta vizibo, akaanza marundo mawili: la maombi yake na la maombi ya Mpole. Kimoja kwa kila chuo mshirika, kimoja kwa kila fedha ya kigeni, kimoja kwa kibali cha maadili.

— Weka viwili kama profesa kabadili kichwa cha ombi, akasema Sindano.

— Vitatu kama kasema “ni kazi ndogo tu”! akadakia Bi Bajeti.

— Vinne kama kaleta siku ya mwisho, halafu anauliza mbona kimya!

Muuza kahawa naye hakukubali kupitwa.

— Pimeni presha. Mfungeni bibie kile kidude cha hospitali mkononi, asome bajeti kwa sauti. Mkiona kaanza kutoa macho, ombi ni zito.

— Akizimia je? akauliza Nundu.

— Basi hilo apewe bosi.

Walicheka mpaka benchi likayumba. Rundo la Bi Bajeti lilikuwa linaporomoka kwa wingi. La Mpole ungelifunika kwa kiganja. Bi Bajeti akajiona mwanasayansi kamili.

— Leo bosi hachomoki!

Ndipo Mpole mwenyewe akatokea, simu mbili mkononi. Tangu aajiriwe hakuwahi kukanyaga kijiweni.

— Shikamooni.

— Marahaba, mwanetu.

— Dada, uliacha simu mezani. Yule profesa wa udongo kapiga tena analia, nimemtuliza. Wale wa idara ya maji nimewarekebishia bajeti. Nimewaambia uko kikaoni.

Nundu akakohoa. Mpole akautazama ubao.

— Hivi vizibo vya nini?

— Uzito wa kazi, akasema Sindano, kifua mbele. Rundo hili la dada yako. Vile pale vyako.

Mpole akavitazama, wala hakukasirika.

— Sawa. Na simu za dada nikizipokea mimi, zinahesabiwa rundo lipi?

Muuza kahawa akaanza kufuta kikombe kilichokuwa safi. Bi Bajeti aliona aibu, aibu ya kumpanda mpaka masikioni, na bahati mbaya simu yake ikaita hapo hapo mkononi mwa Mpole.

— Ni bosi, akasema Mpole. Nimwambie uko kikaoni?

— Lete.

Akapokea akiwa ameshasimama.

— Ndiyo, bosi. Hapana, sipo kikaoni. Nipo kwenye kahawa. Lile ombi kubwa nitalibeba mimi.

Akaondoka kuelekea ofisini na simu zote mbili, yake na ya Mpole. Mpole akabaki kaduwaa, kisha akainama akae.

— Siyo huko, mwanetu, akasema Nundu akimsogezea nafasi. Huko mguu umelegea.