Kilichompeleka Ian Moncur Jeddah

Ndugu waombolezaji, majirani wa hapa Al-Baghdadiyah, Jeddah, na nyinyi mliosafiri kutoka Riyadh, familia imenituma mimi Laban, shemeji ya marehemu, nisome maisha ya Ian Moncur, na mjane, dada yetu Damaris Atieno, ameagiza yasomwe yote, hata yale mliyokuwa mkinong'onezana mkidhani hasikii, maana anasikia vizuri sana.

Marehemu alizaliwa tarehe 11 Machi 1961 mjini Dundee, Uskoti, akasoma hukohuko hadi mwaka 1977, alipoacha shule ili acheze mpira wa magongo wa barafuni, mchezo ambao sisi wa Kisumu tulipousikia mara ya kwanza tulishuku kwamba anatudanganya, ati watu wazima wenye viatu vya vyuma wanakimbiza kisahani cheusi juu ya barafu. Alikuwa mlinda lango, na hakumwamini mtu, si mshambuliaji aliyemjia wala beki wake mwenyewe, na kabla ya kila mchezo aligonga mlingoti wa kushoto, kisha wa kulia, kuhakikisha kwamba lango bado lipo. Tabia hiyo aliihamishia nyumbani, hata hakupita mlango bila kugonga miimo yake miwili, na mara ya kwanza alipogonga ya mlango wa mama yetu, mama alidhani ni mganga.

Alicheza hadi mwaka 1994 goti lilipomkatalia, akawa kocha katika miji kadhaa ya Uskoti, akampoteza mke wake wa kwanza mwaka 2009, akabaki na binti yao, Terry, ambaye tunaye hapa leo. Mnamo Septemba 2015 alikuja Riyadh kufundisha vijana, na kafili, yaani mdhamini wake wa kazi, alipomhakikishia kwamba barafu ya uwanja wake ni nzuri, marehemu alipiga magoti akaipima kwa kiganja kabla ya kutia sahihi. Vijana walioumia walipelekwa hospitali moja ya Al-Sulimaniyah, ambako Damaris alikuwa muuguzi, na watu wakaona kwamba kocha anawasindikiza hata walioumia kidole tu. Walifunga ndoa Kisumu tarehe 8 Aprili 2017, hawakujaliwa mtoto, lakini Griffins, mwana wa Damaris, alipata baba.

Novemba 2019 marehemu alifanyiwa upasuaji wa moyo, daktari akampiga marufuku kukanyaga barafu, naye akala kiapo mbele ya mkewe, akamkabidhi viatu vyake vya vyuma, Damaris akavipandisha juu ya kabati. Aliendelea kufundisha akiwa nje ya uwanja, amenyong'onyea, na tangu mwaka 2022 akaanza kusafiri Jeddah Ijumaa moja baada ya nyingine, akisema kuna kazi ya ushauri, huku simu ikizimwa kuanzia alasiri. Alirudi na harufu ya sabuni ngeni na michubuko mapajani, akidai amejigonga kwenye meza ya hoteli, na meza gani hiyo, Damaris alijiuliza, inayomgonga mtu mahali palepale kila safari. Alipanda kitini akaangalia kabatini, akakuta viatu vimejaa vumbi, basi akaondoa barafu katika hesabu, akabaki na mwanamke. Naye Wairimu, mwenzake wa wodini, aliapa kwamba amemwona marehemu hapa Al-Baghdadiyah na begi la mtu anayehama.

Februari 2023 Damaris alikuja Jeddah bila kuaga, akafikia nyumba hii ya rafiki yake Risper, akamvizia mumewe na kumfuata kwa teksi. Marehemu aliingia kwenye jengo la maduka, Damaris akadhani anakwenda kununua dhahabu, kumbe chini kulikuwa na kiwanja kidogo cha barafu chenye viatu na vifaa vya kukodi, na wanaume wenye vitambi wakipasha misuli, wote wamefunikwa nyuso kwa kofia za kinga. Akawatazama asimjue hata mmoja, hadi mlinda lango alipoinua fimbo yake akagonga kushoto, kisha kulia. Damaris alishukuru Mungu kwamba hakuna mwanamke, na papo hapo akaingiwa na hofu kubwa zaidi, kwa sababu alikuwa ameuona moyo ule kwenye vipimo na alijua hali yake. Angeweza kupiga kelele mchezo ukome. Lakini marehemu alivua kofia yake akacheka na wenzake, kicheko ambacho nyumbani kilikuwa kimetoweka tangu upasuaji, naye Damaris akajificha nyuma ya nguzo akalia.

Alirudi Riyadh akanyamaza, ila alianza kumpangia begi mwenyewe, taulo safi na vidonge vyake juu kabisa, tena akimwambia yalla, haraka, utachelewa ndege. Sasa zamu ya kushuku ikawa ya marehemu, maana mke asiyeuliza ana lake jambo, na siku moja alirudi mapema bila taarifa, akamhoji jirani yao Zeinab kama kuna mgeni anayekuja, na Zeinab akawa amempigia Damaris simu kabla mzee hajamaliza ngazi. Mezani marehemu akaamua kuuliza.

"Damaris, mbona huniulizi tena habari za Jeddah?"

"Upande wa kushoto unauacha wazi, Ian. Wanakufunga huko kila mara."

Marehemu alicheka hadi akakaa chini. Tangu hapo walisafiri pamoja, daktari akawafokea wote wawili, na Damaris akawa anaketi nyuma ya lango na dawa mkobani.

Ijumaa tarehe 10 Oktoba 2025, baada ya mchezo, marehemu aliingia hapa, akagonga miimo ya mlango huu, akaomba chai, akafariki akiwa ameushika mkono wa mkewe. Kwa hiyo ni kweli, alifia nyumbani kwa mwanamke Jeddah, ni nyumba ya Risper, na mkewe alikuwepo. Kuna wanaosema Damaris alimwacha afe, naye anawajibu kwamba hajui kama barafu ilimpunguzia siku au ilimwongezea, na swali hilo atalala nalo yeye, si nyinyi.

Familia inawashukuru madaktari, hata yule aliyefoka, wauguzi wa Al-Sulimaniyah, majirani, Zeinab na domo lake, na wachezaji wenzake waliokuja na fimbo zao. Tukifika makaburini, tunaomba mtu yeyote asilishike jeneza kwanza, Damaris atasogea peke yake, aligonge kushoto, kisha kulia, ndipo tumteremshe marehemu.

Lango lipo, Ian. Pumzika kwa amani.