Ukuta wa Kushoto

— Na mkono wangu utapita wapi?

Amna aliuliza hivyo siku kamba za msingi zilipovutwa kwenye kiwanja chao pale Ruangwa mjini, na hakuna aliyemwelewa. Fundi alikuwa ameinamia kamba. Mawifi zake walikuwa wanagombea ukubwa wa sebule. Mumewe, Masoudi, alidhani anauzungumzia ule mkono wa kulia uliokuwa bado umefungwa bendeji, akamwambia utapona tu, inshallah. Amna akaitikia inshallah, akarudi jikoni.

Sasa nyumba ilikuwa imefika usawa wa madirisha, na suala la jiko likapelekwa linakopelekwa kila suala la mji ule: kijiweni kwa Mwanawetu, mama muuza kahawa, pembeni ya ghala la ufuta, kwenye benchi la nguzo ya umeme iliyolala. Ulikuwa msimu wa kupuliza dawa ya salfa kwenye mikorosho. Wanaume walitoka mashambani na vumbi la njano kwenye nyusi, macho mekundu kama waliotoka msibani, wakakaa kunywa kahawa ya tangawizi. Mwanawetu alimimina. Alisikia yote na hakuulizwa lolote. Wanne kati yao, ambao hakuna hata mmoja aliyewahi kumenya kitunguu, waliketi kuamua nyumba ya watu wengi vile itapika wapi: Masoudi na Amna wake, baba na mama Faudhia kwa majirani, vijana wawili wenye wake zao, wajukuu, na msimu wa korosho ukifika, vibarua juu yake. Sufuria ya nyumba ile haikuwa na siku ya kupoa.

Masoudi alikaa mwishoni mwa benchi, kikombe mkononi, akisikiliza zaidi ya kusema. Tangu mama yake afariki mwaka uliopita alikuwa hivyo.

— Mzee Masoudi, nisikilize mimi niliyekula vumbi la saruji, — alianza Saadi, waliyemwita Injinia kwa sababu aliwahi kubeba zege kwenye ujenzi wa daraja. Alichora chini kwa spoki ya baiskeli. — Jiko linataka herufi L. Huku sinki, chini ya dirisha. Huku meza ya saruji. Jiko lenyewe la matofali, lenye bomba la moshi, unalibana hapa kwenye kona ya kushoto. Ndiyo maana jana nilimwambia fundi apandishe ule ukuta wa stoo. Kona imepatikana!

— Ulimwambia wewe kama nani? — aliuliza Mikidadi, ambaye wenzake walimwita Redio kwa kuwa habari ikimwingia asubuhi, adhuhuri iko Nachingwea.

— Kama mtaalamu.

— Mtaalamu wa kubeba ndoo! Dunia ya sasa hakuna ukuta, mwanangu. Jiko la wazi. Mgeni anakaa sebuleni, anaona sufuria kwa macho yake. Hakuna kufichwa paja la kuku.

— Na moshi?

— Moshi ataukuta njiani akitoka.

Wakacheka. Masoudi alicheka baada yao, kama mtu aliyechelewa kusikia.

— Kwetu, — alisema Masumbuko, mfugaji aliyehamia Nambilanje na ng'ombe zake kutoka kanda ya ziwa, aliyeleta maziwa mjini kila asubuhi hadi jina lake likawa Maziwa, — kwetu moto unakaa katikati. Watu wanauzunguka. Ukiweka jiko katikati ya chumba, kila mtu anapita anakotaka.

— Maziwa, usituletee zizi mjini, — alisema Redio. — Leo umetuambia moto katikati, kesho utatuambia ndama alale sebuleni.

— Ndama hana ubishi kama wewe. Bora yeye.

Injinia akafuta mchoro kwa unyayo, akaanza mwingine mkubwa zaidi.

— Tatizo la nyumba ya watu wengi siyo moto. Tatizo ni safari. Ugali unatoka jikoni, unapita ukumbini, unafika barazani umepoa. Dawa yake reli! Kitoroli kidogo, kama cha machimboni, kinatoka jikoni na ugali, kinapita tundu la ukutani, kinafika mbele ya mzee. Mzee anapakua, anakisukuma kinarudi.

— Na kikipinduka?

— Unaweka breki.

— Basi weka na honi kabisa, — alisema Redio. — Na kamera juu ya sufuria. Mzee anakaa hapa kijiweni, anatazama simu yake: maji yamechemka, unga umeingia. Anajua saa ya kuondoka. Jikoni hana haja ya kufika hadi anaingia kaburini.

— Hata sasa hajafika, — alisema Mwanawetu.

Alisema kwa sauti ya chini, akipangusa vikombe, na hawakumgeukia. Lakini Masoudi alimsikia. Ni kweli. Katika nyumba ya mama yake mwanaume hakuvuka kizingiti cha jiko. Marehemu Bi Johari alilitawala jiko lile hadi pumzi ya mwisho, na aliweka sheria yake: mwanaume akitaka maji ya moto, asimame nje akohoe. Masoudi alikuwa na mvi, alikuwa na wajukuu, na bado alikuwa anakohoa.

Hoja ya reli ilikuwa bado inajadiliwa pikipiki iliposimama. Aliteremka fundi Kasiano, mtu wa Nachingwea, futi ya kupimia shingoni na saruji mbichi kwenye viatu. Hakukaa.

— Shikamoo mzee Masoudi. Jamani habari zenu. Mzee, nimekuja kwa jambo moja. Ule ukuta wa stoo niliopandisha jana bado mbichi, na leo nataka kuanza kujenga jiko lenyewe. Mama anashikia mwiko mkono gani?

Benchi likalipuka kwa kicheko.

— Fundi! — Redio alijipiga paja. — Umeambiwa ujenge jiko au unatafuta mchumba?

— Nauliza kwa kazi yangu. Nilijenga jiko Nambambo bila kuuliza. Ukuta ukawa kushoto kwa mpishi. Kumbe mama yule ana shoto. Kila akisonga ugali kiwiko kinagonga tofali. Alipika amejikunja hadi mgongo ukamharibikia, na mumewe anasema mwanamke mvivu. Nikiliweka pale aliposema Injinia, ukuta utakuwa kushoto kwake. Kama ni mtu wa kulia, haina shida. Kama ni mtu wa kushoto, nibomoe leo ungali laini.

— Mwanamke wa Kiislamu apike kwa kushoto? — Injinia alikunja uso. — Nani angekula?

— Mimi sijasema anapikia kushoto. Nimeuliza. Mwenye mke ni mzee.

Wote wakamgeukia Masoudi. Alifungua kinywa apate kujibu upesi, maana lilikuwa swali la mtoto. Aliutafuta mkono wa Amna kichwani mwake. Aliuona ukimpa sahani. Ukimpa maji ya kunawa. Ukipokea kitambaa.

— Wa kulia, — alisema. — Kila akinipa kitu ananipa kwa wa kulia.

— Akikupa, sawa. Akipika?

— Jikoni siingii, fundi.

— Si ndiyo huo wa kulia ulioungua? — aliuliza Masumbuko. Hakuwa na nia mbaya. Alikuwa anakumbuka tu. — Nilikuwa nikileta maziwa nauona umefungwa mpaka kiwikoni, mwezi mzima na zaidi. Nani alikuwa anasonga ugali siku zile?



Masoudi alikiweka kikombe chini. Siku zile. Siku zile ugali wa nyumba yake ulikuwa laini, hauna hata bonge moja, mzuri kuliko alivyowahi kuula, naye akamwita mke wa mwanawe mkubwa mbele ya watu akampongeza. Yule binti aliangalia chini akasema: siyo mimi baba, ni mama. Masoudi alidhani ni adabu tu.

Na nyuma ya siku zile zikaja nyingine, za zamani, alizokuwa hajazifungulia mlango. Amna bi harusi. Amna anapakua kwa mkono wa kushoto, na Bi Johari anairudisha sahani yote jikoni. Kesho yake Amna akiingia na chakula, kifundo cha mkono wake wa kushoto kimefungwa kiunoni kwa kipande cha kanga. Siku nyingi alihudumia hivyo, kama aliyevunjika. Masoudi alikiona kile kipande cha kanga. Akanawa, akala. Alijiambia ni mambo ya jikoni.

— Haa! — Redio alikuwa amesimama. — Kumbe mama Faudhia ana shoto! Miaka yote tunakula pilau la maulidi kwake, kumbe mkono wa...

— Kaa chini, — alisema Mwanawetu.

— Lakini hii ni habari...

— Kaa chini, Mikidadi!

Hakuna aliyewahi kumsikia akipaza sauti. Alikuwa amesimama na birika mkononi.

— Mnataka kujua aliunguaje? Mliambiwa bahati mbaya mkaridhika. Mimi nilikuwepo. Arobaini ya Bi Johari, nachambua mchele pale pale jikoni. Amna anakoroga uji wa watu wote kwa mkono wake, ule unaoweza. Mara dada zako, baba Faudhia, wakaingia kuchota. Akashtuka, akahamishia mwiko kulia. Mkono usiozoea. Sufuria ikamwegemea, uji ukamwagikia mkono ule. Bi Johari yuko kaburini, na bado anaogopwa.

— Sasa kwa nini hukusema? — aliuliza Injinia.

— Nani aliniuliza? Mmekaa hapa tangu asubuhi mnachora reli. Mnajenga jiko la mtu mnamjua kwa sahani tu.

Aliinamisha birika. Kahawa yote iliyobaki, bado ya moto, ikamwagikia mchoro wa Injinia, ikabeba herufi L na kitoroli na kona ya kushoto, ikazama vumbini.

— Kahawa imeisha, — alisema.

Masoudi aliinuka. Alimwambia fundi asubiri, halafu akabadilisha neno.

— Bomoa.

— Ukuta upi, mzee?

— Ule wa kushoto. Bomoa kabla haujakaza.

Aliondoka kwa miguu, akipita nyuma ya ghala. Hakugeuka, lakini alisikia mtu anahimizwa kuwasha pikipiki, na sauti ya Redio ikimwambia mtu kwenye simu: we ngoja, ngoja nikupe mpya.

Nyumbani jiko la zamani lilikuwa uani, la udongo na nyasi, linatoa moshi kwenye paa zima. Wajukuu walikuwa wanatoka na kuingia kama kuku. Masoudi alifika kizingitini, akakohoa kwa mazoea. Kisha akainama, akaingia.

Moshi ulimpiga machoni, na ilimchukua muda kuona. Amna alikuwa amempa mgongo, ameketi kwenye kigoda mbele ya mafiga, anasonga. Mkono wa kushoto ulikwenda na kurudi na mwiko kwa nguvu na wepesi, bila kubahatisha, kama wa kijana. Lakini nafasi ilikuwa ndogo. Moto ulikuwa umewekwa kwenye kona na Bi Johari, ukuta upande wa kushoto, na kila mwiko uliporudi kiwiko kiligusa udongo. Pale kilipogusa palikuwa na kishimo, ukubwa wa ngumi ya mtoto, kimelainika hadi kinang'aa. Masoudi alikitazama kile kishimo. Hakichimbwi kwa siku moja kishimo kama kile.

Kijiti kikavunjika chini ya mguu wake. Amna hakugeuka hata kutazama ni nani. Mwiko ulihama papo hapo, ukaingia kwenye mkono wa kulia, ule wenye kovu lililovuta vidole hata visifunguke, na vidole vile vikaushika kwa shida, vikaanza kusukuma ugali usiosukumika.

— Ni mimi, — alisema Masoudi.

— Baba Faudhia? — Sasa aligeuka, akawa kama aliyeona moto umeshika paa. — Kuna nini? Nani amefariki?

— Hakuna aliyefariki.

— Mbona umeingia?

 Masoudi aliangalia kishimo cha ukutani, naye Amna akayafuata macho yake, akavuta kanga akafunika kiwiko.

— Ule ukuta wa stoo, — alisema Masoudi. — Wa jiko jipya. Nimemwambia fundi aubomoe. Kushoto kwako patakuwa wazi.

 Ugali ulianza kunuka kuungua chini, na hakuna aliyeutoa. Nje, upande wa barabara, pikipiki ilipita polepole, ikapiga honi, na mtu akacheka.

— Nani amekuambia? — aliuliza.

Masoudi aliangalia moto.

— Basi sawa, — alisema Amna. Mwiko ulikuwa bado kwenye mkono mbovu. — Ubomoeni. Nashukuru. Ila nakuomba kitu kimoja tu, baba Faudhia. Pale kijiweni wasijue.