Siku Gari ya Ahmada Ilipotoka Polisi

Kwenye kijiwe chetu cha Wawi, ukishapokea kikombe cha kahawa kwa Msellem una haki ya kumshauri mtu yeyote jambo lolote. Mwezi ule aliyeshauriwa ni Ahmada. Alikuwa na gari ndogo ya mizigo, akichukulia mwani wa wanawake wa Wambaa. Shemegi yake, Soud, akaiazima, akasema anahamisha makochi. Polisi wakamsimamisha njiani, na chini ya makochi wakakuta magunia ya karafuu za magendo. Soud akawekwa ndani, gari ikawekwa uani kwa polisi, na mwani wa Wambaa ukabaki ufukweni unarowa mvua.

— Gari ishakuwa kielelezo, alisema Mabruki, tunayemwita Jaji kwa kuwa aliwahi kuitwa shahidi kesi ya mbuzi. Kielelezo hakiguswi mpaka hukumu.

— Hukumu lini? aliuliza Ahmada.

— Hilo kamuulize hakimu. Miye nakupa sheria tu.

Ame, tunayemwita Antena kwa kunasa kila habari, akaweka kikombe chini.

— Hamjui nyinyi. Kielelezo si gari, ni harufu. Wacha ipigwe na mvua mbili tatu. Harufu ya karafuu ikishatoka, watabaki na nini?

— Watabaki na magunia, nikamwambia.

— Magunia hayana namba ya usajili, yakhe.

— Tena gari ndiyo mshtakiwa wa kwanza, Jaji akaendelea. Soud wa pili. Bila gari, karafuu zingekwenda kwa miguu? Itasomewa mashtaka, iulizwe inakubali au inakataa.

— Itajibu vipi?

— Kwa honi, Antena akadakia. Moja kukubali, mbili kukataa.

Tulicheka sote isipokuwa Ahmada.

— Wale kinamama wa Wambaa wananipigia simu kila asubuhi, alisema. Mwani unawaozea. Miye nakwenda mahakamani mjini Chake kuomba gari yangu.

Akaenda kweli. Akapeleka maombi, akapangiwa siku. Siku hiyo, baada ya Alasiri, tukaiona gari inapinda kona, yeye mwenyewe kashika usukani. Msellem akammiminia kabla hajakaa.

— Nimeapa kuwa gari ni yangu na kadi ina jina langu, akatusimulia. Hakimu akaniuliza, huyu aliyekutwa nayo ni nani kwako? Nikamwambia ni mume wa dada yangu. Ulijua inabeba nini? Nikajibu, niliambiwa makochi.

— Na Soud alikuwepo?

— Kizimbani, ananitazama. Ilikuwa kama namsukuma shimoni mwenyewe. Akainua mkono, akasema, mheshimiwa, shemegi yangu hakujua, nilimdanganya.

Msellem akamjazia kikombe tena.

— Upande wa mashtaka haukupinga, Ahmada akamaliza. Gari imepigwa picha ziwe kielelezo badala yake, nimesaini kuwa nitaileta wakiitaka, na siruhusiwi kuiuza mpaka kesi iishe. Kesho alfajiri nipo Wambaa.

— Nilikwambia, alisema Jaji. Sheria ipo wazi.

— Na mvua imesaidia, alisema Antena. Nusa mwenyewe.

Tukawa tunaizunguka gari, kila mtu anaeleza alivyojua tangu mwanzo kwamba itatoka, ndipo Saada akatokea upande wa msikitini. Ni dada yake Ahmada, mke wa Soud. Akatuamkia kwa heshima, akaiangalia gari, akaweka mkono kwenye boneti.

— Alhamdulillahi, imetoka, alisema. Na Soud atatoka lini?

Antena akainua kikombe kilichokwisha kahawa, akakinywa hivyo hivyo. Mwezi mzima tulizungumzia harufu, honi na magunia, na hakuna hata mmoja wetu aliyekwenda kuuliza habari za dhamana ya Soud.

Ahmada akamfungulia mlango wa mbele.

— Sijui, dada yangu. Ingia, nikurejeshe nyumbani. Mwani nikishaupakia, sote wawili tunakwenda Chake kuuliza.